Akili Haina Uzee: Somo la Kitengela na Kajiado



Wengi wenu mlioko Mombasa, Lamu na Malindi mnaijua Kitengela kwa jina tu, kama mji unaopitwa na mabasi yaendayo Namanga. Ni mji wa bara ulio kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wake zaidi ya 150,000, nao wametoka kila pembe ya Kenya. Sisi watu wa pwani tumo pia, tuliofuata kazi na waume, tukabeba mbuzi zetu za kukunia nazi na miswala yetu.

Mama yangu mzazi alihamia kwangu baada ya kufiwa na baba na kumaliza eda yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alizaliwa na kulelewa Mji wa Kale, Mombasa, akasomeshwa chuoni na marehemu bibi yake, akaihitimu Qur'ani na bado ni mtoto. Lakini shule hakutiwa. Aliolewa mapema, akazaa, akalea. Herufi za Kiarabu alizisoma bila kusita, ila herufi zilizoandikwa juu ya duka, juu ya chupa ya dawa na ndani ya simu yake zilikuwa kwake michoro mitupu.

Mombasa jambo hilo halikumtaabisha sana. Kila uchochoro ulikuwa na jamaa wa kumsomea. Kitengela jamaa hao hawakuwapo. Siku moja, mimi nikiwa kazini, simu yake ilipokea ujumbe. Alikuwa sokoni, akamwomba kijana aliyekuwa karibu amsomee. Kijana akasoma, akamwomba na namba ya siri eti amsaidie kutoa pesa zilizoingia. Alipofika nyumbani, shilingi 7,400 alizotumiwa na kaka yake zilikuwa zimekwenda.

Nilimfariji kwa maneno niliyodhani ni ya huruma. Nikamwambia, "Mama, umri wako si wa kuhangaika tena. Wewe pumzika, mimi nitakusomea kila kitu." Alininyamazia. Asubuhi yake akamwomba mjukuu wake daftari na kalamu ya risasi. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pesa zitarudi kwa Mungu. Lakini sitaki kumpa mtu mwingine simu yangu anisomee siri zangu. Hata wewe."

Makala haya yametokana na jibu lile, na kosa langu ndilo kiini chake.

Methali tuliyoishika vibaya

Wazee wetu wametuachia methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Wametuachia na nyingine, udongo uwahi ungali maji. Zote mbili ni za kweli katika malezi, kwani utotoni ndipo msingi unapowekwa. Lakini tumezigeuza hukumu. Tunapomwona mama wa makamo anataka kujifunza kuendesha gari, kushika hesabu za duka au kusoma, husema samaki huyu amekwisha kukauka.

Wataalamu nao walikuwa na imani ya namna hiyo kwa muda mrefu. Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Hispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kuchunguza seli za neva, aliandika kwamba njia za neva katika ubongo wa mtu mzima zimekwisha kufungika. Alitaraji kuwa sayansi ya baadaye ingepata namna ya kuibadili hali hiyo. Ilichokuja kugundua sayansi ni kwamba Muumba hakuzifunga njia hizo kama ilivyodhaniwa.

Mto mrefu na njia zake

Jina la Kajiado latokana na maneno ya Kimaasai, Ol Keju Ado, yaani mto mrefu. Mto huo unafaa kutufahamisha habari za ubongo. Mvua inyeshapo bondeni kwa mara ya kwanza, maji husambaa ovyo. Inyeshapo tena na tena, hupata mkondo. Mkondo ukichimbika, maji hupita bila taabu. Na mkondo uliosahauliwa na maji hujaa mchanga, ukapotea.

Ubongo wa mwanadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila seli huwasiliana na maelfu ya nyingine kwa viungo vidogo mno viitwavyo sinapsi. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alieleza kwamba seli zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha kiungo kilicho baina yao. Kwa hiyo jambo tunalolirudia hujichimbia mkondo, na tunaloliacha hufifia. Uwezo huu wa ubongo wa kujijenga upya kwa kufuata matumizi yake ndio uitwao unyumbufu wa ubongo.

Ushahidi ulikuja taratibu. Mwaka 1964 Marian Diamond na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba panya waliolelewa pamoja na wenzao, katika tundu lenye vitu vya kuchezea na kuchunguza, walikuwa na gamba la ubongo nene kuliko waliowekwa peke yao pasipo kitu. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa London waliwapiga picha za ubongo madereva wa teksi wa mji huo, ambao hawapewi leseni mpaka wakariri mitaa ipatayo 25,000. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Kadiri dereva alivyokaa kazini miaka mingi, ndivyo ilivyozidi. Uchunguzi wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuata wanafunzi wa kazi hiyo tangu mwanzo, ukaona badiliko hilo likitokea kwa waliofaulu mtihani. Hao walikuwa watu wazima, si watoto.

Herufi zinapoingia ubongoni

Lililonigusa zaidi ni utafiti wa kusoma kwenyewe. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Baadhi hawakujua kusoma kabisa, baadhi walijifunza utotoni, na 22 walijifunza wakiwa watu wazima. Ilionekana kwamba kusoma hujenga katika upande wa kushoto wa ubongo sehemu inayotambua herufi, na huimarisha namna ubongo unavyosikia maneno. Mabadiliko mengi yaliyoonekana kwa waliosoma utotoni yalionekana pia kwa waliojifunza ukubwani. Mwaka 2017 utafiti mwingine uliofanywa kaskazini mwa India ukawafundisha watu wazima wa vijijini kusoma Kihindi kwa miezi sita. Katika muda huo mfupi picha zilionyesha mabadiliko hata katika sehemu za ndani kabisa za ubongo.

Dehaene ameeleza na jambo jingine ambalo nililiona kwa macho yangu mezani kwangu. Ubongo wa mwanadamu kwa maumbile huhesabu kitu na taswira yake ya kwenye kioo kuwa kitu kimoja. Ng'ombe akitazama kushoto au kulia ni ng'ombe yuleyule. Lakini herufi b ikigeuzwa huwa d. Anayejifunza kusoma hana budi kuufunza ubongo wake kuacha tabia hiyo ya asili, na ndiyo sababu watoto huzichanganya herufi hizo.

Mama naye alizichanganya kwa wiki nyingi. Aliandika "dada" ikawa "baba", mjukuu akacheka mpaka machozi. Zaidi ya hayo, mkono wake ulikwenda kulia kwa mazoea ya khati ya Kiarabu, akaanza mstari mwisho wake. Mara mbili alifunga daftari na kusema, "Kichwa changu kimekwisha kuganda."

Siku ya tatu aliyolifunga, mwalimu wa darasa la ngumbaru alilojiunga nalo, bibi mwenye subira kubwa, alimwuliza, "Bi mkubwa, ba na ta na tha unazitofautishaje, nazo ni umbo moja?" Mama akajibu kwa nukta. "Basi," mwalimu akasema, "macho yako yamekwisha kufunzwa kazi hii. Hapa nukta imekuwa tumbo, tazama limekaa upande gani wa fimbo." Mama alifungua daftari tena. Kile alichokijua tangu chuoni hakikuwa kizuizi, kilikuwa mtaji.

Neno "bado"

Hapa ndipo mtazamo unapokutana na ubongo. Carol Dweck, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliyetoa mwaka 2006 kitabu kilichoenea sana kuhusu jambo hili, anaeleza mitazamo miwili. Mmoja huiona akili kuwa kipimo alichopewa mtu, hakiongezeki. Mwingine huiona kuwa kitu kinachokua kwa juhudi, mbinu njema na msaada wa wengine. Mwenye mtazamo wa kwanza akikosea husema siwezi. Mwenye wa pili husema sijaweza bado. Mtazamo wenyewe haumfundishi mtu herufi. Kazi yake ni kumrudisha mezani, na ni kurudi huko kunakochimba mkondo.

Sisi wazazi lipo letu la kujifunza hapa. Mwaka 1998 Dweck na mwenzake Claudia Mueller walieleza majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa darasa la tano. Baada ya kufaulu zoezi, baadhi walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamefanya bidii. Waliosifiwa akili walipendelea baadaye mazoezi mepesi, na walipopata gumu wakavunjika moyo na kufanya vibaya zaidi. Waliosifiwa bidii walitaka magumu. Tangu niyasome hayo, nimeacha kumwambia mwanangu "una akili wewe," na badala yake humwambia, "nimeona ulivyolirudia hesabu hilo mara tatu."

Hata hivyo tusiyapambe mambo kupita kiasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa shule za sekondari za Marekani, ulionyesha kwamba somo fupi la mtazamo huu liliinua alama za wanafunzi dhaifu kwa kiasi kidogo tu, tena lilifaa zaidi pale ambapo wenzao darasani walikuwa wakipenda kujitahidi. Mtoto anayelala na njaa hahitaji hotuba juu ya fikra zake, ahitaji chakula. Na mama asiyepewa nafasi ya saa moja atoke jikoni hawezi kulaumiwa kwamba hana ari. Mbegu njema bado yahitaji udongo.

Mashahidi wa nchi yetu

Kenya ina shahidi wa jambo hili aliyejulikana duniani kote. Mwezi wa Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa kaptura na soksi za shule kama wanafunzi wenzake. Alitaka kujisomea mwenyewe kitabu cha dini yake na kuhesabu pesa zake. Mwaka 2005 alikwenda New York kuwaomba viongozi wa dunia wawasomeshe watoto bure. Alifariki Agosti 2009.

Kajiado nayo ina wake, japo hawajulikani. Katika darasa la mama wako wanawake wa Kimaasai waliokuzwa katika maboma, waliojua kumtambua kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake lakini hawakushikishwa kalamu. Ardhi ya Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja mpaka ilipoanza kugawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, ikawa vipande vyenye hati, kisha vikauzwa na kujengwa. Katika mabadiliko kama hayo, asiyejua kusoma huombwa kutia dole gumba katika karatasi ambayo hajui imesema nini. Mmoja wao alisema amekuja darasani kwa sababu hiyo tu: asitie dole tena. Mimi niliyalia mapochopocho ya shilingi 7,400, naye alikuwa akizungumzia malisho ya baba zake.

Hawako peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima uliotolewa mwaka 2007 uligundua kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima wa Kenya hawakufikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika, na wanawake walikuwa nyuma ya wanaume.

Kaunti hiyo imetuonyesha pia kwamba hata fikra za jamii nzima zaweza kugeuka. Nice Nailantei Leng'ete, mzaliwa wa Kimana upande wa Loitokitok, alikimbia kukeketwa akiwa mtoto. Alipokua alikwenda kuzungumza na wazee na morani wa jamii yake, kwa heshima na kwa muda mrefu, mpaka vijiji vikakubali sherehe ya kumpandisha msichana rika bila kumkata. Mwaka 2018 jarida la TIME lilimweka miongoni mwa watu 100 wenye athari kubwa duniani. Wazee wale ndio waliosemwa kwamba hawabadiliki. Kweli ng'ombe hazeeki maini.

Sisi na dini yetu

Muislamu hastahili kuyaona haya kuwa mageni. Neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma, nalo lilimfikia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akiwa na miaka arobaini. Masahaba wengi waliianza elimu ya dini wakiwa watu wazima wenye familia. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba mateka wa Badr waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Na Bi Shifaa binti Abdallah, radhi za Allah zimshukie, ndiye aliyemfundisha kuandika Mama wa Waumini Hafsa, ambaye hakuwa mtoto. Aya ya 11 ya Sura Ar-Raad, tunayoisikia mara kwa mara mimbarini, hufungamanisha kubadilika kwa hali ya watu na kubadilika kwa nafsi zao. Na katika Hadithi aliyoipokea Bi Aisha tumefunzwa kuwa amali inayopendeza zaidi ni ile ya kudumu, ingawa chache. Wataalamu wa ubongo wanaosisitiza marudio madogo ya kila siku wanatukumbusha tuliyokwisha kufunzwa.

Tufanye nini majumbani?

Kwanza, tuchague jambo moja lenye maana kwetu. Mama hakuanza kwa kitabu cha watoto, alianza kwa majina ya watu waliomo katika simu yake.

Pili, kidogo kila siku. Dakika ishirini baada ya Alasiri zina faida kuliko saa nne za Jumamosi moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, tulale. Usingizini ubongo huyapanga na kuyaimarisha yaliyojifunzwa mchana. Anayekesha na simu huibomoa kazi ya siku nzima.

Nne, tutembee. Utafiti wa mwaka 2011 wa wazee 120 nchini Marekani ulionyesha kwamba waliotembea kwa dakika arobaini, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2, wakati ya wenzao ilipungua.

Tano, tuchunge tunachokirudia. Unyumbufu hauchagui mema. Ulalamishi, umbeya na hofu navyo hujichimbia mkondo vikizoewa.

Sita, mzee akianza kusahau njia ya nyumbani au majina ya wanawe, tusimwambie ajitahidi. Huo huenda ni ugonjwa, na mahali pake ni kwa daktari.

Na la mwisho ndilo nililojifunza kwa aibu: tuchunge ndimi zetu mbele ya wazazi wetu. Nilipomwambia mama apumzike nilidhani namfanyia wema. Kumbe nilikuwa nikimfungia mlango kwa heshima.

Safari ya Kajiado

Mama sasa ana miaka sitini na mmoja. Anasoma polepole, kidole kikitangulia mstari, na herufi q bado hawapatani. Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma Umma University, chuo kikuu cha Kiislamu kilichoko Kajiado, na mwezi uliopita mama aliazimia kwenda kumtazama. Nilikuwa tayari kuomba ruhusa kazini nimpeleke. Akakataa. Alibeba mahamri katika mkoba, akaenda stendi ya Kitengela peke yake.

Nilikaa ofisini moyo ukinidunda, nikihesabu vituo: sasa yuko Isinya, sasa anakaribia. Kabla ya Adhuhuri simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kwanza mama yangu kuniandikia katika maisha yangu yote, bila nukta wala herufi kubwa:

"nimefika kajiado nimesoma kibao mwenyewe"

Nimeuhifadhi. Na kila mara nitakapojiambia kwamba jambo fulani limenipita umri, nitaufungua niusome.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awape afya waliobaki. Wassalaam alaykum.